Masega mapya ya gari dogo: orijino, ya bolti, ya kuchomelea au yaliyotumika?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Nina gari dogo la petroli, injini ya lita 1.5, silinda nne. Taa ya injini imewaka na skana inasoma P0420, yaani masega ya egzosi (catalytic converter) hayasafishi tena moshi inavyotakiwa. Likipanda mlima linakuwa zito, na nikigonga kopo la masega kwa chini nasikia vipande vinacheza ndani.

Ninayofikiria ni manne: orijino mapya, mapya ya kampuni nyingine yaliyoundwa kwa gari hili hili na yanayofungwa kwa bolti, mapya ya kuingia gari lolote ambayo fundi anakata bomba na kuchomelea, au orijino yaliyotumika. Kung'oa masega nibaki na bomba tupu sitaki, hilo tuliache. Naombeni ulinganisho.

fundi_egzosi

Mkuu, kabla hujanunua, yaliyopo yamekufa kwa nini? Masega si kitu cha kubadilisha kila sevisi. Kwenye injini yenye afya yanaweza kwenda na gari mpaka mwisho wake. Yakivunjika ndani, kuna kilichoyaua. Injini ikimisi, petroli isiyoungua inaingia kwenye egzosi na kuwakia ndani ya masega, joto linapanda mpaka kauri (sega lenyewe lenye matundu madogo) inayeyuka. Injini inayokula oili inapeleka fosforasi na zinki zinazofunika madini yanayofanya kazi. Kulanti (maji ya kupozea injini) ikivuja kwenye silinda, uharibifu ni wa namna hiyo hiyo. Ukifunga mapya juu ya ugonjwa huo, nayo yatakufa.

Kingine, P0420 peke yake haitoshi kuhukumu. Kuna sensa ya oksijeni mbele ya masega na nyingine nyuma yake; egzosi ikivuja karibu na ya nyuma, hewa ya nje inaidanganya. Ila kwako, kwa hizo kelele za vipande, naamini masega yamekwisha.

Mwanzisha mada

Injini ilikuwa inamisi: koili inayoipa plagi ya silinda ya tatu umeme ilikuwa imekufa tangu kwa mmiliki aliyepita. Sasa koili na plagi ni mpya, oili haipungui, kulanti iko palepale.

mshika_spana

Basi unaweza kununua kwa amani. Mimi kura yangu ni ya bolti, kwa sharti moja: uangalie kilichomo ndani, usitazame kopo linavyong'aa.

Kinachofanya kazi ni madini ya platini, paladi na rodi yaliyopakwa kwenye kuta za matundu. Pamoja nayo kuna oksidi ya seri, na hapo ndipo mapya ya bei ya chini yanapoanguka. Oksidi hiyo huhifadhi oksijeni mchanganyiko unapokuwa na hewa nyingi na kuiachia petroli inapozidi. Sensa ya mbele inapanda na kushuka kati ya karibu volti 0.1 na 0.9, ya nyuma inatakiwa itulie, mara nyingi kwenye 0.6 au 0.7. Nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, kompyuta inajua akiba ya oksijeni imekwisha na inawasha taa. Mtengenezaji aliyebana madini anaweza kukupa masega yanayofaulu mwanzoni, halafu baada ya muda P0420 inarudi ilhali injini haina kosa lolote.

dereva_mkongwe

Mnayaonea ya kuchomelea. Fundi akiwa makini yanafanya kazi vizuri. Chagua kwa ukubwa wa injini na uzito wa gari, katalogi zinaonyesha vyote viwili. Kipenyo cha bomba kilingane, na uhakikishe yametengenezwa kwa magari yenye sensa mbili. Na yakae pale pale yalipokuwa ya zamani. Masega huanza kazi yakifika karibu nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Ukiyasogeza nyuma yanachelewa kupata moto, na moshi mchafu zaidi ni ule wa injini baridi.

fundi_egzosi

Hapo kaka nakubaliana nawe kwa gari ambalo masega yako chini ya sakafu. Magari madogo mengi ya siku hizi yameyaunganisha na manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kopo limebanwa kwenye injini. Utakata wapi, utachomelea wapi? Mkuu, chungulia kwanza ya kwako yako wapi.

Mwanzisha mada

Yameungana na manifoldi.

fundi_egzosi

Basi ya kuchomelea yafute.

dada_injini

Niongeze la mihuri, maana ndiyo njia pekee ya mnunuzi kujua kilichomo bila kupasua kopo. Yaliyoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 103, inayotumika Ulaya, yana herufi E ndani ya duara. Ya California yanachongwa namba ya idhini kwenye kopo lenyewe. Tofauti utaiona kwenye dhamana pia: kwa kiwango cha kawaida cha Marekani, masega ya kampuni nyingine yanadhaminiwa utendaji kwa maili 25,000, kama kilomita 40,000, ya kiwango cha California ni miaka 5 au maili 50,000. Orijino ya gari jipya huko ni miaka 8 au maili 80,000. Kopo lisilo na muhuri wowote liache dukani, hata muuzaji aape.

Yaliyotumika ndiyo yananitia hofu zaidi. Matundu yanaweza kuonekana safi kabisa kumbe yameshatiwa sumu na oili ya injini yalikotoka. Kwa macho huwezi kujua.

Mwanzisha mada

Nimewaelewa. Nachukua ya bolti yenye muhuri wa E, msimbo wa aina ya injini unalingana. Kwenye kufunga niangalie nini?

fundi_egzosi

Gasketi zote mpya. Kama kopo lina mshale, uelekee moshi unakokwenda. Grisi ya kuzuia nyuzi za sensa kushikana isiguse ncha ya sensa. Mabano yote yarudi, bolti zisikazwe mpaka bomba zima limekaa bila kulazimishwa. Manifoldi inayobeba uzito wa egzosi inapasuka.

Ukiwasha mara ya kwanza, liache lipate moto likiwa limesimama, injini ikizunguka polepole, bila kupiga resi. Kati ya kauri na kopo kuna mkeka unaotanuka kwa joto, na ndio unaoishika kauri isicheze. Ukifuta msimbo, endesha mjini na barabara ndefu mpaka skana ionyeshe kwamba kipimo cha masega kimekamilika. Taa kuzimika tu haina maana kompyuta imeshayapima.