Kilo 94 na jikoni napikia watu sita: mlo gani unawezekana?

Fundi wa Charambe

Habari zenu wakuu. Siku zote huwa nasoma tu humu, leo naombeni ushauri, na msinicheke sana.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 39, urefu sentimita 158. Jumamosi nilishuka daladala Rangi Tatu, kijana wa mzani wenye spika akaniita, "Mama, njoo ujue afya yako." Nikapanda. Mashine ikatangaza kilo 94 mbele ya wauza machungwa wote, ikamalizia kwamba uzito wangu umezidi. Nikatoa hela yangu ya kutukanwa, nikaondoka.

Nimehangaika sana. Nilianza na ndimu na maji ya moto kila asubuhi, miezi miwili, nikaambulia kiungulia. Ikaja chai ya kukata tumbo, ile inayouzwa mitandaoni, elfu thelathini na tano pakiti. Wiki ya kwanza kilo tatu zikaondoka, nikatangaza mtaa mzima. Kumbe naharisha tu. Wiki hiyohiyo nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, nashona huku nakimbilia chooni, mpaka nikaunga mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Mwaka jana nikaacha wanga. Hapo sisemi uongo, wiki sita kilo saba zilitoka. Ila nyumbani kuna mume, watoto watatu na mama mkwe. Wao ugali na dagaa, mimi nimejitenga na mayai na parachichi langu. Mama mkwe akaanza kuuliza ugali wake una kasoro gani. Mwishowe tukapata msiba Rufiji, sinia la pilau likawekwa, tumelizunguka wanawake watano. Utaanzaje kuchagua nyama peke yake mbele ya wafiwa? Nikala. Kesho yake nikala tena. Zile saba zimerudi, zimekuja na wageni.

Na jamani, sili sana! Asubuhi chai na chapati moja, mchana mara nyingi ni soda tu hapo kwenye cherehani, usiku ndiyo nakula na wenzangu. Mtu kama mimi afuate mlo gani?

Dereva wa Kimara

Dada, jibu unalo mwenyewe. Kilo saba zilitoka kwa kuacha wanga, rudi hukohuko. Mimi nilikuwa 112, sasa 95, mwaka wa pili huu sijagusa ugali. Msiba siyo sababu, beba karanga zako kwenye mkoba.

Fundi wa Charambe

Kaka, wewe unapikiwa au unapika?

Dereva wa Kimara

Hahaha, napikiwa. Haya, nimenyamaza.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, kabla ya mlo nina maswali mawili. Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Na presha na sukari umepima lini? Nauliza la kwanza kwa sababu sindano ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Kama ndiyo unayotumia, usiiache kimyakimya ukatuletea mimba, nenda kliniki waeleze, njia nyingine zipo.

Hizo chai nyingi ndani yake ni sanamaki. Sanamaki huendesha tumbo, kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mafuta hayana njia ya kutokea huko. Hata zile saba za mwaka jana, sehemu yake ilikuwa maji, maana akiba ya wanga kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, ukiacha wanga vyote vinatoka na mzani unakufurahisha.

Na wewe kaka wa Kimara, angalia unamshauri nani. Mtu anayemeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari ya wenye kisukari, akikata wanga ghafla bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka akazimia.

Mama Lishe

Mdogo wangu, nimepikia watu miaka kumi na mbili, nina swali moja tu. Dumu la mafuta la lita tano kwako linakaa siku ngapi?

Fundi wa Charambe

Nesi, ni sindano kweli, tangu nimjifungue wa tatu. Presha sijapima siku nyingi.

Mama Lishe, linakaa wiki mbili. Kwani mafuta yameingiaje hapa?

Mama Lishe

Chukua kalamu. Lita tano gawa siku 14, halafu gawa watu sita. Kila mtu anapata karibu mililita 60 kwa siku, yaani vijiko vinne vya mezani. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Kwa hiyo mnakunywa karibu kalori 480 za mafuta kila mmoja, kabla hatujahesabu hata tonge. Ndiyo maana unaapa huli sana, na mimi nakuamini! Unamimina kwa macho, kama sisi sote.

Usijipikie chako pembeni. Pima kwenye chungu cha wote: vijiko vitatu kwa mboga nzima, weka mfuniko, kitunguu kilainike kwa mvuke wa nyanya. Mchicha hauhitaji kukaangwa. Ugali kula, wa ukubwa wa ngumi yako, mboga ijae. Na mchana ule chakula, soda siyo chakula. Soda ya kawaida ya 350 ina sukari vijiko vya chai vinane au tisa, halafu usiku unafika mezani na njaa ya simba.

Fundi wa Charambe

Wakuu, nimerudi, wiki tano zimepita.

Kliniki presha ilisoma 148 kwa 92, wameniambia nirudi wapime tena. Sukari iko sawa. Sindano nimeiacha, nimewekewa kitanzi.

Dumu niliandika tarehe ubavuni kwa chaki yangu ya kitambaa. Leo siku ya 26 na bado linacheza ndani nikilitikisa. Wiki ya kwanza watoto walinuna, eti wali haung'ai. Mama mkwe nilimwogopa zaidi, lakini yeye alikula mchicha, akanyamaza, akaongeza, akasema umemkumbusha wa kwao Ikwiriri. Sikumwambia kitu.

Soda nimeibakiza Jumapili. Na kuna jambo sikuwaambia mwanzo, kwa kweli hata mwenyewe nilikuwa silihesabu: ukoko. Kila usiku nikiosha sufuria nilikuwa naukwangua nikila nimesimama, na ukoko ndiko mafuta yote yanakotuama. Sasa naloweka sufuria mara tu nikishapakua.

Kijana wa Rangi Tatu amenitangaza 91. Mzani wake siuamini sana, futi yangu ndiyo naiamini. Kila siku napima viuno vya watu na changu sijawahi kukipima. Siku ile mliponijibu nilipima, inchi 43. Leo 41 na nusu. Sketi yangu ya kitenge ya Pasaka, ile niliyoipachika vipande ubavuni ili inipite, nimeanza kuifumua. Upande mmoja kwanza.