Nyumba 84 kwenye barabara moja ya mtaa, Nyali: tuandike nini katika barua ya pingamizi?

Swali, kutoka kwa mkaazi wa Nyali, Mombasa

Assalamu alaikum, na salamu kwa nyote. Juma lililopita bango lilibandikwa kwenye ukuta wa kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yetu, likieleza kwamba mwenye kiwanja ameomba idhini ya kujenga majumba mawili ya ghorofa yenye nyumba 84, mahali ambapo siku zote palikuwa na nyumba moja ya chini na minazi yake. Barabara ya kuingilia ni hii hii tunayoitumia sisi, na haina njia nyingine ya kutokea.

Jumapili mimi na mwanangu tuliipima kwa futi kamba. Penye wembamba zaidi, kati ya ukuta wa jirani na nguzo ya stima, tulipata mita tano na nusu, na hapo hapana njia ya waendao kwa miguu. Watoto wa shule hupita papo hapo asubuhi, na gari mbili zikikutana moja hulazimika kurudi kinyumenyume hadi kwenye lango la mtu.

Sipingi watu kupata makao. Ninachouliza ni kama sheria inatupa nafasi ya kutaka suala la magari lichunguzwe kabla idhini haijatolewa, na barua yetu tuiandike vipi ili isiwekwe kando kama malalamiko ya watu wasiopenda majirani wapya.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili

Wa alaikumu ssalaam, bibi. Hofu yako ina msingi, ila naona sote tunahesabu magari ya wapangaji peke yake, na kwetu sisi si hayo yaliyoiziba barabara. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na bomba la maji taka la umma halijatufikia, kwa hiyo jumba la ghorofa linapokamilika huanza kuishi kwa boza la maji matamu na gari la kunyonya choo. Boza halina saa maalumu. Huja pindi msimamizi wa nyumba anapoona tangi limekauka, na mara nyingi ni asubuhi, wakati kila mtu anaoga.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani nikaona boza limesimama katikati ya barabara, mpira wake umelazwa chini kuvuka hadi ng'ambo, na nyuma yake gari la shule na tuktuk iliyombeba mama mjamzito. Dereva wa boza hakuwa na kosa, kwa sababu ndani ya kiwanja hakukujengwa mahali pa lori kuingia na kugeuka. Mama yule alishuka akaenda kwa miguu hadi barabara kuu, ameshika kiuno, jua limeshapanda. Tangu siku ile nimekuwa nikisema kwamba swali la kwanza kwa mjenzi ni hili: tangi lako lina ukubwa gani, utahitaji maboza mangapi kwa siku, na yatasimama wapi yakimwaga maji?

Jibu la pili, kutoka kwa kijana mpangaji

Nawaomba radhi wakubwa zangu, kwani nina neno tofauti kidogo. Mimi nafanya kazi kisiwani Mombasa na naishi Mtwapa kwa sababu karibu zaidi ya hapo sikupata nyumba ninayoimudu. Kila asubuhi napanda matatu inayokwama kabla ya daraja la Nyali, ambalo tangu 1980 ndilo linalobeba karibu kila anayetoka bara ya kaskazini kwenda kisiwani. Nyumba zikijengwa Nyali, baadhi yetu tutakuwa na safari fupi, na wengine tutaweza hata kwenda kwa miguu hadi kituo cha matatu.

Kwa hiyo nawasihi barua isiseme kwamba majumba yasijengwe. Itake mjenzi ajenge njia ya miguu kutoka langoni kwake hadi barabara kuu, kwa sababu sisi tusio na magari ndio tutakaokuwa tukijibanza kwenye ile nguzo ya stima.

Jibu la tatu, kutoka kwa mpimaji na mshauri wa mipango ya ardhi

Nafasi ipo, dada, na bango lenyewe ndilo mlango wake. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike watu kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Kaunti ikishatoa uamuzi msioridhika nao, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti iliyowekwa na sheria hiyo hiyo, na muda huo hupita haraka kuliko watu wanavyodhani. Leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina mkondo wake: rufaa dhidi yake huenda kwenye jopo la kitaifa la mazingira ndani ya siku 60. Kifungu cha 69 cha Katiba kinailazimu Serikali kuhimiza umma ushiriki katika kusimamia na kuhifadhi mazingira, nanyi mkitaje.

Kuhusu barua, kile kipimo cha futi kamba ndicho kitu chenye uzito kuliko vyote mlivyotaja. Wekeni picha ya mahali pale futi ikiwa imenyooshwa, kisha hesabuni magari na waendao kwa miguu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku tatu za shule, mwandike tarehe na majina ya waliohesabu. Maswali ya mwalimu kuhusu boza yawekwe jinsi yalivyo, kwa kuwa yanadai majibu ya tarakimu, na ombi la kijana la njia ya miguu liwe sharti mnalotaka liandikwe ndani ya idhini yenyewe. Ahadi ya mdomo haitamfunga mjenzi. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Tutaanza kuhesabu Jumanne, mimi nikiwa langoni na mwalimu barazani kwake, na kijana, ukiwa na nafasi asubuhi moja kabla ya kazi, tungependa wewe uwahesabu waendao kwa miguu.