Mjadala: Sprinter za 1989 ziliiokoa reli ya West Highland, au ziliikata miguu?

Mleta mada

Wadau wa reli, huu ni ubishi wa Uskoti usioisha. Njia ya West Highland inatoka Glasgow, inapita Crianlarich na nyika ya Rannoch, inashuka Fort William, halafu inamalizia Mallaig pwani. Jumla ni kama kilomita 264. Januari 1989 British Rail, shirika la reli la taifa, iliacha treni za mchana za kuvutwa na kichwa cha dizeli, ikaleta Sprinter za Class 156: mabehewa mawili, kila moja na injini yake chini ya sakafu. Zaidi ya miaka 35 imepita na Sprinter bado ziko kazini.

Kuna wanaosema bila Sprinter njia ingefungwa. Wengine wanasema hapo ndipo treni ilipogeuzwa basi la relini. Mpango wa serikali ya Uskoti wa Julai 2020 wa kuachana na dizeli relini uliipanga njia hii kwenye kundi la betri au haidrojeni, kwa hiyo swali la zamani limerudi na sura mpya. Mimi nasema 1989 walipatia. Leteni hoja, picha za machweo ya Glenfinnan tunazo za kutosha.

Taruma

Umeanzia katikati, mkuu. Miongoni mwa dizeli za mwanzo kule vilikuwa vichwa vya North British Locomotive ya Glasgow, kiwanda kile kile kilichounda vichwa vya mvuke vya daraja la 29 vya East African Railways. Kwenye mvuke walikuwa magwiji, kwenye dizeli walitapatapa. Waliunda Class 21 vichwa 58 kati ya 1958 na 1960, injini ya MAN wakiitengeneza wenyewe kwa leseni, na vikawa vinashinda gereji kuliko relini. Ishirini vilibadilishiwa injini, vikapewa Paxman ya nguvu farasi 1,350 na jina jipya la Class 29 (halihusiani na daraja la 29 la mvuke). Kufikia mwisho wa 1971 hakikubaki hata kimoja kazini, na kiwanda chenyewe kilishafungwa tangu 1962.

Waliobeba mzigo wa kweli ni Class 27 wenye injini ya Sulzer ya 1,250, halafu Class 37 wa English Electric wa 1,750. Ukisema Sprinter iliokoa, sema kwanza iliokoa kutoka kwa nini. Class 37 haikuwa imeshindwa.

Mleta mada

Haikushindwa kuvuta. Ilishindwa hesabu ya mishahara. Angalia Mallaig: treni ikifika, kichwa kimebanwa mwisho wa njia. Mtu ashuke kati ya kichwa na behewa, afunge koki za hewa, atenganishe mabomba ya breki na kebo ya umeme, afungue kiungo cha skrubu. Kichwa kisogee, swichi ya reli igeuzwe, kizunguke kwa njia ya pembeni hadi upande wa pili, kifungwe upya, breki zipimwe. Oban, mwisho wa tawi la njia hii, hivyo hivyo. Fort William ni stesheni ya mwisho wa njia, kwa hiyo treni ya Mallaig nayo lazima igeuze hapo. Sprinter dereva anachukua mkoba wake, anatembea hadi kabini ya upande wa pili, basi.

Na Crianlarich, ambako treni inagawanywa, sehemu moja Oban na nyingine Fort William, kiungo cha Sprinter kinashika chuma, hewa na umeme kwa mpigo mmoja. Kazi ngumu inayobaki ni kuhakikisha hakuna abiria wa Mallaig aliyekaa behewa la Oban.

Boila_Baridi

Nyote mnapima nguvu ya kuvuta. Kilichoamua historia ya njia hii ni joto la abiria.

Class 27 na Class 37 za awali zilipasha mabehewa kwa mvuke. Ndani ya kichwa cha dizeli kulikuwa na boila ndogo, tangi lake la maji, na bomba lililopita chini ya treni nzima. Boila ikizimika baridini, maji yaliyobaki kwenye viungo vya bomba yanaganda na treni nzima inakosa joto, hata kama injini inanguruma vizuri.

Miaka ya mwanzo ya 1980 yakaja mabehewa mapya ya kulala, Mark 3, yasiyokubali mvuke, yanataka umeme tu. Class 37 za kule hazikuwa na umeme wa kuyapa. Unajua walifanya nini? Mwaka 1983 walichukua vichwa vitatu vikuukuu vya Class 25, wakavigeuza jenereta za magurudumu na kuviita Ethel. Havikuvuta chochote. Usiku kucha Class 37 ilipanda milima ikiburuta tani 70 na ushei za chuma ambazo kazi yake ilikuwa kupasha vitanda tu!

Dawa ilikuja 1985 na 1986: Class 37 thelathini na moja zilifumuliwa kwenye karakana ya Crewe zikawekewa altaneta ya kupasha treni, zikaitwa 37/4. Miaka mitatu baadaye Sprinter zikazipokonya treni za mchana. Hapo ndipo namkubalia Taruma. Waligharamia dawa, kisha wakamhamisha mgonjwa.

Taruma

Na Sprinter joto inapata bure, hilo lisemwe. Ni maji ya injini yenyewe yanayopitishwa kwenye vipasha joto vya behewa.

Boila_Baridi

Bure mpaka injini izime. Kila behewa linategemea injini yake ya Cummins, lita 14, mitungi sita iliyolazwa, nguvu farasi 285. Bomba likivuja na maji yakashuka chini ya kiwango, swichi inaizima injini isiungue. Behewa lile linakosa joto, na treni inapanda kwa injini moja, yaani nusu ya nguvu, kwenye mlima wa mita 1 kwa kila 60.

FundiBogi

Tuweke namba za mlima basi. Sprinter: jumla nguvu farasi 570 kwa tani 76, yaani kama 7.5 kwa tani. Class 37 ya tani 107 na mabehewa matano ya tani 35: 1,750 kwa tani 282, kama 6.2. Class 27 na mabehewa hayo hayo: kama 5. Kwa kupanda, Sprinter ndiyo mwepesi wao.

Kasoro ziko kwingine. Injini, rediata na mabomba yote yananing'inia chini ya sakafu, na njia ile ina paa wekundu wengi. Mnyama wa kilo 100 akipita chini ya treni anaweza kung'oa bomba, na kuanzia hapo ni ile hadithi ya maji ya Boila_Baridi. Mawe nayo hayana mchezo. Tarehe 6 Juni 2010 Sprinter ya Oban iligonga jiwe karibu na Falls of Cruachan ikaacha reli, mahali ambapo tangu 1882 kuna nyaya za tahadhari: jiwe likikata waya, ishara zinageuka hatari.

Viti: Sprinter moja ni kama 150, mabehewa matano ya zamani yalizidi 300. Choo kimoja kwa mabehewa mawili, safari ya zaidi ya saa tano hadi Mallaig. Nani alipiga hesabu hiyo?

Mleta mada

Hilo la choo sina utetezi. Viti unaunganisha Sprinter mbili au tatu. Baiskeli walishatafutia dawa: tangu 2021 treni kadhaa za Oban zinaongezewa behewa la Class 153 lenye nafasi ya baiskeli 20.

Msisahau pia redio. Karibu na kipindi hicho hicho, 1987 na 1988, waliondoa vibanda vingi vya ishara. Dereva akaanza kupewa ruhusa ya kuingia kipande cha njia kwa redio kutoka Banavie, karibu na Fort William, na swichi za vituo vya kupishana zikawa zinajirudisha zenyewe, mradi upite kwa maili 15 kwa saa. Redio na Sprinter kwa pamoja ndizo zilizoshusha gharama. Ondoa moja, hesabu inavunjika.

Taruma

Sawa, nakubali nusu. Ila kwa kinachokuja, betri kule ni ndoto. Kilele cha Corrour kiko mita 411.

Boila_Baridi

Mlima haukuogopeshe, ndugu yangu. Kupandisha treni ya betri, tuseme ya tani 85, mita 411 kunataka kilowati-saa 95 hivi. Ongeza mabonde, maana njia inashuka Arrochar na kupanda tena, lakini kwenye mteremko mota zinarudisha sehemu ya umeme. Sasa pasha mabehewa mawili wakati wa baridi: tuseme kilowati 20 kila moja, saa nne. Hiyo ni 160. Joto linakula kuliko kilele! Dizeli ilikuwa inaficha gharama hii, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta huishia kuwa joto tu.

FundiBogi

Na sehemu ya kuchajia ipo tayari. Kati ya Westerton na Craigendoran Sprinter zinapita chini ya nyaya za umeme wa reli ya Helensburgh, zilizowekwa 1960. Dizeli inanguruma chini ya umeme ambao haiwezi kuugusa.

Mleta mada

Baada ya Craigendoran je?

FundiBogi

Crianlarich, wakati wa kugawanya treni. Lakini dakika sita za kusimama, ukitaka kuingiza kilowati-saa 100, unahitaji megawati nzima. Pale ni kijiji kidogo. Anayejua laini ya umeme ya pale inabeba kiasi gani aje na namba.