Dyche katimuliwa wiki tatu baada ya Friedkin kuinunua Everton: ni haki au ni papara?

Mwana wa Tandika
Wakuu, salaam. Tarehe 19 Desemba 2024 Everton ya England ilipata mmiliki mpya, Dan Friedkin wa Texas, huyu huyu mwenye klabu ya Roma ya Italia. Tarehe 9 Januari 2025 kocha Sean Dyche kafungashiwa virago, saa chache kabla ya mechi ya Kombe la FA na Peterborough. Baines, kocha wa vijana, na nahodha Coleman wakasimamia benchi, tukashinda 2-0.

Mimi nasema Dyche kaonewa. Aliipokea timu Januari 2023 ikiwa ya pili kutoka mkiani, akaiokoa siku ya mwisho kwa bao la Doucouré dhidi ya Bournemouth. Msimu uliofuata tukakatwa pointi 8 kwa madhambi ya mahesabu ambayo yeye hakuyafanya, na bado tukamaliza wa 15. Derby ya Goodison, uwanja wetu, Liverpool kalala 2-0, jambo ambalo hatukuliona pale tangu 2010. Moshiri, mmiliki aliyepita, hela zimemwishia, kampuni ya 777 Partners wamekuja na ahadi ya kuinunua klabu wakapotea, wachezaji wanauzwa, yeye anavumilia. Mtu huyo unamwondoa siku ya mechi? Tujadili.

Bluu ya Kisumu
Ndugu yangu, huruma haifungi mabao. Mechi 19 za ligi, mabao 15. Pointi 17, nafasi ya 16, pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka. Bournemouth walikuwa chini 2-0 hadi dakika ya 87 na bado wakaondoka Goodison na ushindi wa 3-2. Mechi iliyofuata ya ligi, na Aston Villa, yale yale: tunaongoza 2-0, tunafungwa 3-2. Hiyo ni bahati mbaya ya mara mbili au ni kocha anayerudisha timu nyuma akiona inaongoza?

Hii klabu haijashuka daraja tangu ilipopanda 1954. Uwanja mpya wa Bramley-Moore unatusubiri msimu ujao wa 2025/26, watu zaidi ya elfu 52. Tuingie humo tukiwa daraja la pili kwa sababu ya kumlipa Dyche fadhila?

Kocha wa Mchangani
Mabao 15 ayafunge nani? Msimu uliopita mtu huyo huyo aliruhusu mabao 51 tu, timu tatu peke yake ndizo zilizofungwa machache zaidi. Ukuta aliujenga. Washambuliaji hakupewa.

Halafu mtazameni huyu mwenye mali alichofanya kule Italia. Mourinho aliwapa Roma kombe la Conference League, la tatu kwa ukubwa Ulaya, 2022, akatimuliwa Januari 2024. Akaja De Rossi, kipenzi cha mji mzima, akapewa mkataba mpya kisha akaondolewa Septemba baada ya mechi nne za ligi. Juric naye hakufika Desemba. Kabla hatujamhukumu Dyche, tumuulize anayemhukumu.

Mwana Meatu
Friedkin mnamsoma leo magazetini. Sisi wa Meatu tunamjua kitambo. Mwiba, hifadhi ya wanyamapori kule kusini mwa Serengeti, inaendeshwa na kampuni yake. Taasisi yake ya uhifadhi iko Tanzania tangu miaka ya 1990, inagharimia doria dhidi ya majangili. Hatimui tu watu, anakaa na kitu miaka thelathini. Shida yenu wa Dar mpira mnaujua wa kwenye TV, ndiyo maana kila mwenye hela mnamwona mhuni.

Mwana wa Tandika
Mpira wa TV? Kaka, Julai 2017 Everton walipokuja Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia mimi nilikuwa jukwaani. Bao la Rooney la kutoka mbali nililiona kwa macho yangu. Usiniambie habari ya TV. Na kulinda tembo hakumfanyi mtu awe mjuzi wa kupanga kikosi.

Bluu ya Kisumu
Bora umalizie hadithi. Tuyisenge wa Gor alisawazisha, na 2-1 ikaja dakika za mwisho. Na 2019 Kasarani, Kariobangi Sharks waliwatoa Everton hao hao kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Watanzania mnapenda kukumbuka bao la Rooney tu.

Kocha wa Mchangani
Na 2018 Gor walikwenda Goodison wakala 4-0, mbona hiyo huitaji? Rudini kwenye mada.

Bluu ya Kisumu
Naitaja bila haya. Klabu ya Kenya kukanyaga nyasi za Goodison ni heshima, hata ingefungwa kumi. Sitakubali idharauliwe hapa.

Mama Zuwena
Wanangu, hebu tulieni. Anayetajwa kurudi ni David Moyes. Ndilo la kuzungumza. Alikaa pale miaka 11, Machi 2002 hadi 2013, akatufikisha nafasi ya nne 2005 na fainali ya FA 2009. Tangu Moshiri aingie 2016 makocha wamepishana mlangoni: Koeman, Allardyce, Silva, Ancelotti, Benítez, Lampard, Dyche. Kila mmoja anaacha wachezaji wake, anayefuata hawataki. Fedha yote imekwenda huko. Mimi Moyes simkatai, lakini apewe muda, asije akawa jina la nane kwenye orodha hiyo.

Mwana Meatu
Mama, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu Moyes. Ila huyu bwana wa Tandika kasema "kulinda tembo" kwa dharau. Hao askari wa doria ni ndugu zetu, wanalala porini wakiwa na majangili mbele yao. Afute kauli.

Mwana wa Tandika
Sijawadharau askari. Nimesema mtaji mkubwa si ujuzi wa mpira, na sifuti neno. Wewe ndiye uliyemleta tembo kwenye mjadala wa Dyche.

Kocha wa Mchangani
Basi kwa kuwa tumeshafika huko, nimuulize Mwana Meatu swali moja. Mwekezaji anapokuja kwenye ardhi ya kijiji chenu, kuna mkutano wa kijiji, watu wanasimama wanasema ndiyo au hapana. Hapa kwetu Simba na Yanga, kanuni inataka wanachama wabaki na asilimia 51. Shabiki wa Everton, upande wa bluu wa jiji la Liverpool, aliyerithi kiti kwa babu yake, kaulizwa na nani? Moshiri kauza, Friedkin kanunua, kwa heri. Kocha katolewa, kwa heri. Moshiri hata kuonekana Goodison ilikuwa nadra.

Mama Zuwena
Hiyo asilimia 51 imetusaidia nini sisi? Kila msimu ugomvi ni ule ule, nani katoa hela na nani hajatoa.

Kocha wa Mchangani
Imetusaidia kuwa na haki ya kugombana, mama. Wenzetu hata hiyo hawana. Waliandamana barabarani, wakapaza sauti uwanjani, mpaka wakurugenzi wakaacha kuja Goodison Januari 2023, na bado Moshiri, mwenye asilimia 94 ya hisa, aliuza alipotaka yeye, kwa aliyemtaka yeye.

Mwana Meatu
Nakujibu. Mkutano wa kijiji upo, na si kila linalosemwa mle linasikika. Nimeukaa. Lakini mtu akiweka hela yake miaka thelathini mahali pasipo na kamera, namwamini kuliko aliyeahidi uwanja na ubingwa akauza uwanja ukiwa haujafunguliwa na deni likiwa zima. Friedkin apewe msimu mmoja kamili, na Moyes akija anunuliwe mshambuliaji mwezi huu huu. Dirisha linafungwa Februari mapema.

Bluu ya Kisumu
Mshambuliaji, na winga wa kulia. Na Kariobangi Sharks walishinda kihalali.