Wakuu, huyu asura wa Wahindu ndiye shetani tunayemjua? Ushauri wa haraka

Msafiri_Kusini: Wakuu, shikamooni wenye kustahili. Nasoma India, mji wa Mysore. Asura ni shetani kama huyu wetu au ni kitu kingine? Msilete utani, siku ya tatu silali.

Babu Chumvi: Shetani ni shetani, hata akivaa sari. Mimi 2003 nilipanga chumba Tanga, jirani mganga. Nilihama usiku, godoro kichwani.

Mama Kibatari: Mwanangu, usimsikilize huyo. Kwenye Rigveda, nyimbo zao takatifu za kale kabisa, asura ni jina la heshima: bwana, mwenye nguvu. Mungu Varuna aliitwa hivyo, mungu Indra pia. Baadaye ndipo likawaangukia maadui wa miungu. Wairani wa kale walikwenda kinyume: Ahura, neno lile lile, ndiye Mungu; daeva, ambao kwa Wahindu ni miungu, ndio mapepo. Tena kwenye hadithi asura na miungu ni watoto wa baba mmoja, Kashyapa, mama tofauti. Ugomvi wa ukewenza huo! Na wapo wema: asura Bali, watu wa jimbo la Kerala humkaribisha kila mwaka kwenye sikukuu ya Onam. Ila kimekupata nini?

Mchomvu: Mleta mada, mwaga yote.

Msafiri_Kusini: Chuoni kuna igizo. Nimepewa niwe Mahishasura, asura nyati. Mama ni mzee wa kanisa, akiona picha nimekwisha.

Mama Kibatari: Jina la mji wenu limetoka kwake huyo. Si sanamu yake iko hapo kilima cha Chamundi, upanga huku, nyoka huku? Aliomba kwa mungu Brahma asiuawe na mwanamume, wanawake akawadharau. Miungu wakachanga nguvu zao, akatokea mungu wa kike Durga, siku ya kumi kazi ikaisha. Nani kakuchagua?

Msafiri_Kusini: Mwalimu.

Mchomvu: Kwa nini wewe?

Msafiri_Kusini: Mwafrika niko peke yangu darasani.

Mchomvu: Ahaa. Kumbe kinachokunyima usingizi si Rigveda.

Msafiri_Kusini: Sivyo mkuu, wananipenda sana hawa. Halafu masharubu nimeshafuga wiki tatu, pembe nimeshapimwa.

Babu Chumvi: Kapimwa pembe 😂😂

Shahidi wa Pili: Hii chai. Dasara, sikukuu ya huo ushindi wa Durga, huwa Septemba au Oktoba, leo Machi. Pembe za nini?

Babu Chumvi: Chai ya maziwa, na tangawizi imo. Nami nilikuwa nataka kumwombea.

Msafiri_Kusini: Igizo ni la sherehe ya chuo, Dasara haihusiki! Niweke picha ya masharubu?

Mchomvu: Weka na pembe.

Mama Kibatari: Acheni kijana. Huko huko Karnataka, jimbo lenu, wapo wanaomuenzi Mahisha kama mfalme wao, wanasema hadithi imesimuliwa na washindi. Mwulize mwalimu alikuchagua kwa lipi. Mwulize mapema.

Msafiri_Kusini: Asante mama. Nitamwuliza Jumatatu. Igizo ni Jumapili.