Tupeane uzoefu: upasuaji wa kupunguza tumbo na kisukari

Binti Pangani: Ndugu zangu, daktari amemshauri dada yangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani wa kufanya mfuko wa chakula uwe mdogo, si kwa ajili ya unene pekee bali kwa sababu kisukari chake kimegoma kutulia kwa dawa. Waliopitia njia hii naomba mtueleze yaliyowakuta, hasa baada ya kurudi nyumbani.

Mama Abdi, Muscat: Umenikumbusha usiku ambao sitausahau. Sukari yangu ilianza kushuka kabla uzito haujapungua, jambo ambalo nilielezwa baadaye kuwa hutokana na chakula kuwahi kufika utumbo wa chini na kuamsha homoni ya GLP-1, ambayo huhimiza kongosho litoe insulini. Hospitali iliniruhusu bila kubadilisha dozi yangu ya sindano za insulini. Niliamka nimelowa jasho, ulimi mzito, nikimwona mume wangu anazungumza nami nisielewe hata neno moja. Na lau si wifi yangu, ambaye ni muuguzi, kunipima na kuninywesha maji ya sukari funda kwa funda, kwa kuwa tumbo langu halikuweza kupokea zaidi, watoto wangu wangeamkia msiba. Dada yako asitoke wodini kabla dozi haijapangwa upya.

Kisauni: Pole sana, Mama Abdi. Hata mimi dozi haikuguswa mpaka nilipouliza.

Mwalimu wa Dodoma: Tusimtishe mgonjwa. Mimi nimeacha vidonge vyote, nimepona, wala siendi tena kupima.

Muuguzi Eldoret: Mwalimu, kwa heshima zote, rudi ukapime. Katika utafiti wa Sweden uitwao SOS, ulioanza mwaka 1987, asilimia 72 ya wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa upasuaji hawakuwa nacho baada ya miaka 2, lakini baada ya miaka 15 waliobaki hivyo walikuwa kama asilimia 30.

Mwalimu wa Dodoma: Na wale ambao hawakupasuliwa je?

Muuguzi Eldoret: Hawakufika asilimia 7. Hapo una hoja, na waliopasuliwa walipata pia madhara machache zaidi ya macho na figo. Bado ugonjwa hurudi kimyakimya, na waliowahi upasuaji kisukari kikiwa bado kichanga ndio walionufaika zaidi.

Kisauni: Kwa maoni yangu, aanze na sindano za semaglutidi, dawa ya kushusha sukari na uzito. Kisu hakirudishwi nyuma.

Mama Abdi, Muscat: Sindano nazo ukiziacha, uzito mwingi hurudi, na gharama yake ni ya kila mwezi. Mimi, pamoja na yote yaliyonipata, ningekubali upasuaji tena.

Binti Pangani: Ahsanteni sana. Dada ana kisukari tangu alipojifungua mwanawe wa mwisho, ambaye sasa yuko sekondari. Je, amechelewa?

Muuguzi Eldoret: Hajachelewa, ila asitarajie kuacha dawa zote. Mwulizeni daktari bingwa iwapo kongosho lake bado linatoa insulini ya kutosha, kwa maana kipimo chake kipo. Tena ajue kwamba vitamini B12 na madini ya chuma atavihitaji maisha yake yote, hivyo navyo viingizwe kwenye hesabu ya gharama.