Utani wa hesabu kuhusu madeni yetu: unasaidia au unatuziba macho?

Nusu kwa Nusu:
Wandugu, naomba ushauri, jambo hili linaninyima usingizi. Mimi na mke wangu tuna madeni matatu, na kwa muda mrefu hatukuweza kuyazungumza bila mmoja kunyamaza na kwenda kulala. Siku moja, mwezi ukiwa unakatika, akaniuliza kimebaki kiasi gani. Nikamwambia, "Kila siku natumia nusu ya kilichobaki, kwa hiyo pesa hii haitaisha milele." Akacheka. Miezi ilikuwa imepita sijamsikia akicheka habari za pesa.

Tangu hapo hiyo ndiyo lugha yetu. Akaunti tunaiita seti tupu. Mkopeshaji akipiga simu, tunasema "hasi anatafuta chanya". Sasa juzi akasema, "Hasi mara hasi ni chanya, basi tukope tulipe deni." Tukacheka sana, na kesho yake tukakopa kweli. Hapo ndipo nilipoogopa. Nauliza: niuache utani huu? Nahofia nikiuacha kimya kitarudi, na kile kimya kilikuwa kinatuua.

Mwalimu wa Desimali:
Ndugu yangu, usiuache. Uzuri wa utani wa hesabu ni kwamba unaweza kusahihishwa kama zoezi la darasani. Chukua huo wa nusu. Nusu, robo, thumni, ukiendelea kujumlisha bila mwisho kikomo chake ni 1 kamili, yaani mshahara mzima umeondoka. Na hata kabla ya hapo, pesa haigawanyiki milele kama namba. Tuseme nauli ya siku moja ni 1/50 ya mshahara. Siku ya 5 umebakiwa na 1/32, unasafiri. Siku ya 6 imebaki 1/64, na hapo huendi popote. Chekeni, halafu hapo hapo muulizane: siku ya 6 ni lini?

Mama Salio:
Mwambie mkeo yuko kwenye mila ya zamani sana. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, alipoandika kanuni za namba hasi mwaka 628, alizieleza kwa maneno ya mali na deni. Deni mara deni ni mali, kanuni hiyo ni yake. Ila kukopa ili ulipe deni si kuzidisha, baba, ni kujumlisha, na hasi jumlisha hasi ni hasi kubwa zaidi. La zamani likilipwa lote kwa mkopo mpya, mmerudi palepale mlipokuwa, na riba mpya juu.

Nasema kwa uchungu. Niliwahi kukopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba juu ya riba. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani kwamba bila kulipa chochote litafika maradufu mwezi wa 10. Mwezi wa 8 lilikuwa limeshapita mara 2.14. Hiyo miezi miwili niliyoikosea niliilipia kwa vitu vya ndani, kimoja kimoja.

Hesabu za Jioni:
Kaka, mimi niko upande mwingine. Mume wangu alikuwa na utani kama huo, na aliutoa kila nilipotaka jibu. Nilicheka mara mbili tatu, baadaye nikawa nacheka ili tu asikasirike. Kabla ya kutuuliza sisi, ungemuuliza yeye.

Nusu kwa Nusu:
Dada, neno lako limenichoma, nikaenda kumuuliza. Ameniambia siku ile hakuchekeshwa na hesabu. Alicheka kwa kufarijika, maana ilikuwa mara ya kwanza nakiri mbele yake kwamba pesa inaisha. Sikujua hilo hata kidogo.

Mama Salio, nimemsomea yako pia, akachukua rula na kuchora mstari wa namba kwenye karatasi kubwa. Kipimo chetu ni mshahara wa mwezi mmoja. Deni la kwanza ni robo, la pili moja na nusu, hili jipya ni mawili. Tukahesabu kutoka sifuri kwenda kushoto mpaka hasi 3 na robo tatu, akaweka alama kwa wino mwekundu. Tulikaa tunaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, x tumeipata."

Karatasi iko ukutani, juu ya meza.